Uyoga wa Bi Tunu Hauoshwi

Siku ya kwanza kufanya biashara na Bi Tunu alinipiga kwa mpini wa panga. Alinipiga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kikavimba mpaka Jumapili. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa Buguruni wanamsimulia kama bibi mpole aliyeonewa. Kuonewa alionewa, sikatai. Mpole hakuwa.

Ilikuwa masika, miaka minne iliyopita. Mie nina kizimba sokoni Buguruni, nauza mboga na viungo. Alikuja saa moja asubuhi na mabeseni mawili yaliyofunikwa majani ya mgomba, akayatua mbele yangu bila kuomba nafasi. Nikamwamkia shikamoo, maana sitini alishaivuka, akaitikia marahaba huku anaikagua mizani yangu kama polisi. Nikafunua jani. Ndani mlikuwa na uyoga mdogo mno, kofia moja haizidi ukucha wa kidole gumba, mweupe, umejaa beseni kama mchele. Na udongo. Kila shina lilikuja na udongo wake mwekundu chini, kama mtu aliyetoka shamba na hajanawa miguu.

Nikachota konzi moja, nikaukung'uta, nikataka kuutumbukiza kwenye ndoo ya maji kama ninavyofanya kwa mchicha na kila kitu kinachokaa mezani kwangu. Mboga iliyorowa inang'aa. Mteja anaiona imechumwa leo hata kama ni ya juzi. Ndipo mpini uliponishukia.

“Uyoga wangu hauoshwi,” alisema. “Anayeosha ni anayepika.”

Nikamrushia kigoda. Kilimpata begani, akayumba, akacheka. Watu walikuja kutuamua, wakakuta tumeshaanza kupatana. Kufika saa nne tulikuwa tumekubaliana: masika yote uyoga wake unakuja kwangu peke yangu, na mie siugusi kwa maji. Sioni ubaya wa biashara kuanza hivyo. Mkishaumizana mapema, kila mmoja anajua mwenzake anauma wapi.

Kabla sijauza hata fungu moja, aliazima sufuria kwa mama lishe wa jirani, akachemsha konzi ya uyoga wake kwa chumvi tu, akala wima mbele yangu, mpaka mchuzi. Kwao ndiyo ada: beseni la kwanza la msimu, mchumaji anakula kwanza na mnunuzi akitazama. Nilimuuliza kama ni lazima. Akasema si lazima, kama nataka kuanza kula mie.

Kwao ni Majohe, upande wa vilima vya Pugu, Mzaramo wa hapohapo ambaye jiji lilimkuta nyumbani. Alikuwa na eneo la urithi lenye vichuguu saba, na mume aliyekwisha kufa, na panga. Watoto walihamia mbali. Mwaka wa pili wa kujuana kwetu, mtu mmoja alinunua kiwanja mpakani mwake, akaanza kubomoa vichuguu apate udongo wa tofali, maana udongo wa mchwa unashika vizuri. Vitatu vilivyokuwa vyake mwenyewe alivibomoa, Bi Tunu akamwangalia. Alipovuka mpaka na kuangusha kwa sururu kimoja cha Bi Tunu, Bi Tunu alimkata sikio. Alikaa mahabusu siku nne. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, hata kuoga hajaoga, akitaka nimtafutie panga jingine; lile walilichukua kama kidhibiti.

Hakuwa mtu wa kufundisha bure, na mie si mtu wa kuomba bure. Nilitaka kuujua uyoga ule, kwa sababu bidhaa usiyoijua inakutawala. Basi nikampa viatu vya mvua, akaniambia habari ya udongo. Uyoga huu hauoti kwenye mti, hauoti kwenye samadi, na hauoti peke yake. Mchwa wanafanya usafi wa nyumba yao, wanatupa nje mabaki ya zamani, na mvua ikipiga siku mbili mfululizo, unatokea hapo kwenye takataka zao kwa mamia, kama mchele uliomwagika. Ukikuta mmoja umesimama peke yake, hata ufanane vipi, upite. Ule udongo wa mguuni ndio cheti chake cha kuzaliwa.

Tupa ya kunolea ilinunua habari ya kofia. Katikati ya kofia pana ncha ndogo, ya kijivu iliyokolea, ngumu. Ukiibonyeza kwa ukucha inakataa. Alisema ni kama chuchu ya mbuzi ambaye hajazaa, akaniuliza kama sisi Wachaga wa mjini tumewahi kuiona. Koti la mvua lilikuwa ghali zaidi kwangu, lakini lilileta mambo mawili: shina ni jembamba, laini, halina pete wala mfuko chini, na matamvua ya chini ya kofia, yale yaliyopangana kama ya samaki, ni meupe asubuhi na ukiyaweka siku moja au mbili yanaanza kuwa ya waridi. Asiyeamini alaze kofia juu ya karatasi nyeupe, aifunike kwa kikombe, asubuhi aangalie vumbi lililodondoka. Likiwa la waridi, kula.

Ya mwisho alinipa bure, bila kuombwa, na nilijua kitu cha bure kwa Bi Tunu ni kizito. Utotoni alikuwa na dada, jina lake Naima, wa miaka kumi na mmoja. Huyo mtoto alichanganya chungu cha nyumbani na uyoga aliookota njiani. Bi Tunu aliuita huo uyoga mwingine mgeni. Mgeni ni mdogo vilevile, mweupe vilevile, ila kofia yake ina magamba ya kahawia kama mba, katikati pamelala hapana ncha ngumu, shina lina pete nyepesi kama ganda la kitunguu, na matamvua yake ni meupe leo, kesho na mtondo. Naima alikula jioni, akatapika tangu alfajiri kutwa nzima, siku ya pili akaamka mzima, akacheza rede uwanjani na wenzake. Siku ya tano walimzika, macho ya njano kama manjano ya pilau.

“Magamba na pete vinatoka kwa maji,” aliniambia. “Ukishamwosha mgeni, umemvalisha nguo za mwenyeji.”

Nilielewa siku ile ile. Sitaki msomaji adhani sikuelewa.

Masika ya mwaka huu yalikuwa mabovu. Mvua ilikuja kwa mafungu, vichuguu vya Bi Tunu vikatoa kidogo, na wanunuzi ndio kwanza waliongezeka. Wengi walikuwa watu wa Kiwalani waliotoka Kagera na Kigoma, ambao uyoga huu mdogo wamekulia. Mtu wa bara akiuona Dar anasahau kuuliza maswali, anaona kwao. Mchuuzi wangu wa Kiwalani alikuwa Nassibu, mwanaume wa miaka arobaini hivi, anayezungusha beseni kichwani nyumba hadi nyumba, mdomo mtamu, hajui kuchoka.

Alhamisi moja Bi Tunu alileta beseni moja badala ya mawili, akarudi kwake. Nikampa Nassibu nusu. Akalalamika kwamba beseni nusu ni aibu, akina mama watadhani amebakiza makombo. Nikamjibu kwamba beseni ni lake, likijaa amelijaza yeye, mie nataka kuliona likirudi tupu. Akaniuliza habari ya udongo, kwamba wateja wa mjini wanaukataa. Nikamwona anaelekea bombani. Nikageuka kumhudumia mtu wa vitunguu.

Aliyoyafanya njiani tulikuja kuyajua baadaye. Mpakani mwa Kiwalani, chini ya miarobaini ya ukuta mmoja ambako watu hutupa majani yaliyofagiliwa, aliona vijiuyoga vyeupe. Akachuma. Akavichanganya, akarudi kwenye bomba jingine, akasugua vyote pamoja mpaka vikang'aa kama vikombe vya harusi.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilimwona Nassibu anarudi sokoni, lakini hakuja kwa miguu yake. Wanaume wawili walimshika kwapa. Mdomo umepasuka, shati limechanika hadi kiunoni. Mbele yao alikuwa mtu mfupi mpana, anayeitwa Revelian, fundi wa kuchomelea, ameshika nondo ya urefu wa mkono. Kaka yake Adelard, karani wa bohari, alikuwa amekula uyoga Alhamisi na kutapika Ijumaa nzima. Sasa kaka alikuwa ametulia, na mdogo mtu akapata nafasi ya kutoka kumtafuta mchawi.

Akauliza nani kauza. Nassibu akaninyooshea kidole mie. Nondo ikapanda. Bi Tunu alikuwa amekaa pembeni yangu, kwenye gunia, na beseni lake jipya la siku hiyo. Nikamnyooshea kidole yeye. Sikusita, na hata leo sijui ningefanya nini kingine. Mkono wa mtu uliokwishanyanyuka na chuma utashuka mahali.

Ulishuka juu ya mkono wa Bi Tunu. Revelian alimkamata kifundo, akaulaza mkono juu ya meza yangu, katikati ya karoti, akapiga. Nilisikia mlio kama wa muwa unaovunjwa. Akapiga tena. Mara ya tatu haikufika, kwa sababu Bi Tunu alichomoa panga kwa mkono wa kushoto akamchana paja, damu ikaruka hadi kwenye mizani. Hapo wale wawili wakamwachia Nassibu wakamwangukia yeye. Walimpiga mateke ya mbavu, ya mgongo, ya kichwa. Akina mama wa soko, ambao jana yake walikopeshana naye chumvi, wakapokea neno mchawi kama wanavyopokea nauli, mkono kwa mkono, hadi kule mwisho kwenye samaki. Mwingine akaja anaviringisha tairi. Sokoni kila kitu kinatafutwa kwa shida isipokuwa tairi la kumchomea mtu.

Bi Tunu alikuwa chini, uso kwenye majani ya kabichi. Alitema jino, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei:

“We fundi. Ndugu yako alikula saa ngapi?”

“Unataka kujua umeua saa ngapi?”

“Alikula saa ngapi, akatapika saa ngapi. Jibu kama mtu mzima.”

Revelian alikuwa amejifunga paja kwa khanga ya mtu. Nadhani alijibu kwa sababu hakuzoea kuulizwa hivyo na mtu aliye chini ya kiatu chake. Alikula saa mbili usiku, akasema. Alitapika alfajiri.

“Na leo?”

“Leo mzima. Amekunywa uji, anacheka. Mshukuru Mungu wako.”

Yule bibi akafumba macho. Mie namjua, niliona hofu kwa mara ya kwanza, na haikuwa ya tairi.

“Hajapona,” alisema. “Angetapika saa ile ile, ningekwambia mpe maji alale. Huu umengoja usiku kucha. Sasa umetoka tumboni umeingia kwenye ini, na yeye anacheka. Mpelekeni hospitali sasa hivi, na uyoga uliobaki mpeleke nao daktari auone. Halafu rudi unichome.”

Watu wakasema ni ujanja wa kutaka kutoroka. Mwenye petroli alikuwa ameshafika, kwenye chupa ya maji. Revelian alisita, na mtu anayesita ndiye mteja. Nikamsogelea, mikono juu, nikamwambia tairi litakuwepo hata saa sita mchana, bibi na mbavu zile hawezi kukimbia hata choo, lakini kama anasema kweli, kaka hatakuwepo. Kama anasema uongo, amchome hukohuko Kiwalani mbele ya kaka yake, itampendeza zaidi. Nikamwambia mie nalipia bajaji. Niliuza saa tatu za maisha ya mtu kwa maneno hayo, na alinunua bila kupunguza.

Tulikwenda Kiwalani, Nassibu naye akikokotwa, tukamkuta Adelard amekaa barazani na singlendi, kikombe cha uji mkononi, anawatania watoto wa jirani. Alipouona mkono wa Bi Tunu alisimama, akamwuliza mdogo wake ni mnyama gani. Mke wake, Felicitas, mwalimu, mtu wa maneno machache, alikuwa ametenga bakuli la uyoga mbichi kwa ajili ya chakula cha Jumapili. Yeye mwenyewe hakuula ule wa Alhamisi, alikuwa amefunga. Alisema alichemsha pamoja na kitunguu, kama mama yake alivyomfundisha Bukoba, na kitunguu hakikubadilika rangi.

“Kitunguu hakijui kitu, mwanangu,” Bi Tunu alimwambia. “Lete bakuli.”

Ua ulijaa. Watu wa Kiwalani walitoka kwenye vichochoro vyote, wengine juu ya mabati ya vyoo. Bi Tunu aliketishwa chini, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, Revelian amesimama nyuma yake na nondo. Akaanza kuchambua kwa mkono wa kushoto. Udongo haukuwepo, ulikwishasuguliwa. Magamba hayakuwepo, pete hazikuwepo. Kilichobaki ni ncha na matamvua. Aliokota kofia moja, akaibonyeza katikati kwa ukucha, akaigeuza, akaitazama juani, akaiweka kulia. Moja tena, kulia. Ya tatu aliibonyeza, ukucha ukazama. Akaigeuza, chini yake nyeupe kama chaki, siku ya pili tangu ichumwe. Kushoto.

Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa damu isidondokee bakuli, akaendelea. Mtu akapiga kelele kwamba anaroga, anahesabu majina. Jiwe la pili lilinipata mie mgongoni. Adelard alisimama akataka kuzungumza, akashika ukuta, akakaa. Nilimwona Felicitas anamtazama mumewe, si uyoga. Akamshika kidevu, akamvuta ukope wa chini kwa kidole, akaangalia ndani ya jicho. Kisha akaingia ndani, akatoka na pochi na khanga.

Bi Tunu alimaliza. Fungu la kulia lilikuwa kubwa, chini ya kofia limeanza kupata rangi ya waridi, hata mtoto angeona. La kushoto lilikuwa na kofia ishirini na tatu.

“Huu ni wangu,” alisema. “Huu sijawahi kuuleta mjini.”

“Kula,” Revelian alisema.

Akachota kulia, akatafuna mbichi, kofia kama sita, kwa meno aliyobaki nayo, akameza na damu yake. Revelian akaokota moja ya kushoto, akamsogezea mdomoni.

“Na huu.”

“Huo mpe aliyeuchuma.”

Watu wote wakamtazama Nassibu. Angebaki amesimama, angeulizwa. Angelia, angesema njaa, angepigwa makofi akaenda zake. Alikimbia. Mtu akikimbia Kiwalani hajibu tena swali lolote.

Walimpata nyuma ya choo cha nyumba ya tatu. Sikuona mwanzo, niliona katikati. Walimpiga kwa mbao, kwa matofali, kwa mnyororo wa baiskeli. Mwanamke mmoja mjamzito alikuja na mchi. Revelian alifika akichechemea na nondo yake. Nassibu alikuwa anapiga kelele kwamba ni Mama Praygod, Mama Praygod ndiye aliyemwambia ajaze, Mama Praygod alimwona anaosha. Hilo ni jina langu. Nondo ikampata kwenye jicho, kelele ikakatika, lakini jina lilikuwa limeshafika.

Tofali nusu lilinipiga mdomoni. Niliangukia mtaro. Nilipigwa pale kwa muda ambao siwezi kuupima, kwa viatu zaidi, na mtu mmoja alikuwa na haraka ya kunivua saa. Kilichoniokoa ni kwamba Nassibu alikuwa ameanza kutikisika kwa namna iliyowaogopesha, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka ana kitu jikoni.

Niliporudi uani nikitambaa, baraza lilikuwa tupu. Felicitas hakungoja hukumu. Wakati wanaume wa mtaa mzima wakimtafuta mwenye kosa, alimpakia mumewe kwenye ile ile bajaji niliyoilipia, akafunga zile kofia ishirini na tatu kwenye karatasi ya daftari la wanafunzi, akaondoka. Bi Tunu peke yake alikuwa amebaki, ameegemea nguzo. Aliniangalia mdomo.

“Mangapi?” akauliza.

“Mawili.”

“Mie matatu,” akasema, akageuka upande wa pili akatapika damu.

Adelard macho yalikuwa ya njano Jumapili. Alilala hospitali siku kumi na tisa, na daktari alimwambia Felicitas kwamba angemleta Jumatatu angeleta maiti inayotembea. Amerudi kazini, mwembamba, pombe hagusi, na mwezi mmoja katika mitatu anautumia kitandani. Yu hai. Nassibu hana jicho la kulia, na la kushoto linaona vivuli. Walimrudisha kwa mama yake Kigoma. Revelian alishtakiwa kwa jicho hilo, yuko gerezani Ukonga, miaka saba. Alimwambia kaka yake kwamba kosa lake ni moja tu, alianza na mtu asiyehusika. Wengine wote waliopiga hawakuwepo. Ukiuliza Kiwalani siku ile kila mtu alikuwa msibani.

Bi Tunu hospitali walimkata vidole viwili, vitatu vilivyobaki havikunji. Mwenye kiwanja cha mpakani alipata habari kwamba panga halishikiki tena, akabomoa vichuguu vinne mwezi uleule. Vimebaki viwili. Alichopata ni jina: akipita Buguruni sasa wanampisha, na wale wale waliopokezana neno mchawi wanamwita bibi, wanamwuliza dawa za tumbo. Haitikii. Amepata pia mikono ya Felicitas. Siku za mvua mwalimu huyo anakwenda Majohe alfajiri na mapema, anachuma, bibi amekaa juu ya ndoo anamwelekeza kwa fimbo, na uyoga unaofika Kiwalani unafika na udongo wake. Wateja wangu wote wa bara wako kwake.

Nilikwenda kumwona Bi Tunu mwezi wa sita. Nilibeba sukari, mchele na mapatano: mie nitafute mtu wa kulinda vile vichuguu viwili, yeye arudi kwangu. Yalikuwa mapatano mazuri, ya haki kwa pande zote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hakunichukia kwa kumtaja sokoni. Mtu akishikwa koo hutaja hata mama yake.

“Ila Alhamisi ile hakuna aliyekushika koo,” alisema. “Ulimwona anakwenda bombani, ukageuka.”

Sukari na mchele alivipokea. Mapatano aliyakataa.

Sasa naujua uyoga ule kuliko mtu yeyote Buguruni. Najua udongo, najua ncha, najua rangi inayokuja siku ya pili. Juzi mvua ya vuli ilipopiga nilikuta kiraka kizima nyuma ya uzio mmoja huko Ukonga, mamia, safi, juu ya takataka za mchwa kama nilivyofundishwa. Nilijaza beseni, nikaliweka mezani na udongo wake kutoka asubuhi. Kufika jioni hakuna aliyenunua hata fungu, na mama lishe wa jirani akaniomba nilisogeze beseni mbali na vyungu vyake.